Maua Yaliyokataa Kukauka

Tulieni, enyi kusanyiko. Akina mama mlio nyuma, wabembelezeni watoto. Vijana mliosimama mlangoni, ingieni mkae, na simu zenu zinyamaze. Tegeni sikio, ninyi wa vihamba, mashamba ya nyumbani kule juu, na ninyi wa mjini Moshi, mnaofunga Kwaresima na mnaofunga Ramadhani, kwa maana habari hii ilipopiga hodi haikuuliza dini wala ukoo. Na asikie kila mtu aliyezaliwa na mwenzake tumbo moja.

Palikuwa na mtu huko juu ya Kibosho, mahali kahawa inaposhindwa na baridi na msitu kuanza. Jina lake lilikuwa Basili. Alikuwa mtu wa kazi na mtu wa sala, kiongozi wa jumuiya yake, asiyekosa misa ya kwanza hata barabara ikiwa tope la kufika magotini. Asubuhi ya Jumanne moja, mwezi wa Julai, Basili alifungua mlango wa kikaushio chake cha pareto, akamwona inzi.

Asiyeijua pareto atasema, inzi ni kitu gani? Lakini ua lile jeupe lenye kitovu cha njano ndilo linalosagwa likawa dawa ya kuulia wadudu. Kwa miaka minne Basili hakuwahi kuona kiumbe chenye mbawa kikiishi ndani ya chumba kile. Mbu aliyeingia alianguka kabla hajafika ukutani, na siafu walipita mbali. Sasa inzi huyu mnene, mweusi wa kung'aa, alikuwa akitembea juu ya maua taratibu kama mtu anayekagua shamba lake. Basili alimpiga kwa kofia, akamfagia nje. Hakusali wala hakujiuliza. Alikuwa na haraka.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Kule juu, mwezi wa Julai, jua ni habari ya kusimuliwa. Ukungu hushuka kutoka msituni ukalala juu ya migomba wiki nzima. Pareto iliyochumwa isipokauka upesi huvunda: hupata joto lenyewe ndani ya gunia, hugeuka kahawia, na nguvu yake hutoweka. Ndiyo maana Basili alijenga kikaushio, chumba cha matofali ya kuchoma chenye tanuru ubavuni, bomba pana la chuma linalopita chini ya sakafu, na feni ya kusukuma hewa ya moto ipande katikati ya trei za waya zilizopangwa moja juu ya nyingine kama vitanda vya bweni. Maua hutandazwa unene wa vidole viwili. Moto hulindwa kama mtoto mchanga: ukipungua, maua yanavunda, ukizidi, yanaungua nguvu, yakabaki mapambo. Kaya ishirini na mbili zilileta vikapu vyao pale, kwa sababu zilimwamini mwenye moto.

Na imani hiyo ilikuwa imekwisha kuvunjwa mara moja. Mwaka uliopita, siku mkewe Violet aliposhikwa na uchungu wa kujifungua, Basili alimwacha mdogo wake Sirili alinde tanuru. Sirili alijaza kuni mpaka mdomoni, akaenda kunywa mbege, pombe ya ndizi, akasinzia huko huko. Aliporudi, maua ya kaya zote yalikuwa yameungua. Yalinukia vizuri, yalivunjika vizuri, na hayakuweza kuua hata sisimizi. Magunia yote yalikataliwa. Tangu siku hiyo Basili hakulitamka jina la mdogo wake, na Sirili alihamia Marangu akawa mpagazi wa wapanda mlima.

Sasa turudi kwenye Jumanne ile. Basili aliwasha kuni za mkaratusi alfajiri. Sindano ya kipimajoto ilipanda ikasimama panapotakiwa. Feni ilivuma. Jioni alivuta trei ya kwanza, akachukua ua, akalibana katikati ya vidole ili kitovu kisagike kama mkate mkavu. Kitovu hakikusagika. Maji yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Alivuta trei ya pili. Maji. Ya tatu, ya nne, mpaka ya chini kabisa inayokaribia bomba, ambako hewa huunguza mkono. Maua yote yalikuwa yamelowa kama yaliyochumwa kwenye umande, na kuta zilizoyazunguka zilikuwa kavu zinapasuka, mfano wa ngozi ile ya Gideoni iliyolowa peke yake katika uwanja mkavu. Lakini Gideoni aliomba ishara. Basili hakuwa ameomba kitu.

"Baba Primus," akamwita kwa jina la mwanawe jirani yake Valerian, aliyekuja na kikapu cha pili, "hiki ulichotujengea ni kikaushio au ni bafu?"

"Usinitanie leo, Valerian."

"Sikutanii. Nauliza ili kesho nije na sabuni."

Wanawake wenye vikapu wakacheka. Basili hakucheka. Siku ya Jumatano alibadilisha kuni, akaziba kila ufa kwa udongo, akakwangua masizi ndani ya bomba mpaka kucha zikatoka damu. Alitandaza maua unene wa kidole kimoja. Aliazima kipimajoto cha pili, kikasema lile lile lililosemwa na cha kwanza. Alisali rozari mbele ya tanuru, lakini aliisali kama mtu anayemgombeza karani asiyesikia. Na jioni trei zikatoka zinadondosha.

"Nifanye nini zaidi?" aliuliza kwa sauti, peke yake. "Moto upo, upepo upo, nipo mimi. Nimekosa nini mimi?"

Angalieni swali hilo, ndugu zangu. Watu wengi huliuliza, na wachache hungoja jibu.

Nyumbani kulikuwa na jambo jingine ambalo Basili alilisikia kwa sikio moja. Violet alikuwa akimnyonyesha mtoto wao, Primus, ambaye hata mwaka hakuwa ametimiza vizuri.

"Baba Primus, maji ya ndoo yamekwisha."

"Si nimeijaza mchana huu?"

"Nimeyanywa."

"Yote, mama?"

"Yote. Na bado nina kiu." Alijilamba midomo, na ulimi wake ulitoa sauti ya karatasi. "Halafu mtoto ananyonya analia. Naona maziwa yanapungua."

"Kula mtori, upumzike. Nikimaliza hili la maua nitakupeleka kwa daktari."

Nikimaliza hili. Neno hilo limewazika wengi.

Alhamisi alimwita fundi kutoka mjini, Shakiru, kijana wa Kiislamu ambaye ndiye aliyemfungia feni ile. Alipanda na bodaboda, sanduku la vifaa likiwa kifuani, suruali imejaa tope.

"Shikamoo, mzee Basili. Barabara yenu hii inataka mtu aandike wasia kwanza."

"Marahaba. Tazama feni, Shakiru. Tazama kila kitu. Mimi akili imegoma."

Shakiru alitazama. Alifungua, akapaka grisi, akafunga. Aliweka uso wake mbele ya mdomo wa hewa. "Feni yako ni nzima kuliko mimi," akasema. "Hewa hii inakausha mpaka mate. Ngoja niingie niangalie huko nyuma ya trei."

Akaingia. Basili alibaki nje akisikia spana ikigonga chuma. Kisha spana ikanyamaza. Shakiru akatoka, wala hakukimbia: alitoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, macho yake yakiwa ndani.

"Mzee," akanong'ona, "umemweka nani humu?"

"Hakuna mtu humo."

"Yumo. Zima feni usikie."

Basili akazima. Ukungu ulikuwa umeketi mpaka kizingitini, na mchana ulikuwa kimya kiasi cha kusikia majani ya migomba yakidondosha. Ndipo kutoka ndani, nyuma ya trei, ilipokuja sauti ya mtu anayekunywa. Hakuwa akinywa kwa adabu. Alimeza mafunda makubwa, moja baada ya jingine, kama mnyama aliyefika kisimani baada ya safari ndefu. Akapumzika, akashusha pumzi, akaendelea.

"Ni maji ndani ya bomba," akasema Basili, ingawa bomba lilikuwa limejaa moto.

Shakiru alinyoosha mkono, akachukua ua kwenye trei ya karibu, akalinusa. Uso wake ukabadilika. "Mzee, nisamehe nikuulize. Nyumbani una mama anayenyonyesha?"

"Kwa nini?"

"Haya si maji. Onja mwenyewe."

Basili akaonja. Yalikuwa vuguvugu, yenye utamu hafifu. Juu ya maua meupe weupe wake haukuonekana, lakini kiganjani ulionekana wazi. Yalikuwa maziwa.

"Audhubillahi," Shakiru akasema, akikusanya vifaa vyake haraka. "Mimi ni fundi wa chuma, mzee wangu, na chuma chako hakina kosa. Huyu uliye naye anataka fundi mwingine. Sitaki hata chai. Mpeleke mkeo hospitali, tena leo."

Basili alimwaga maji kwenye tanuru. Moto ukalia, ukafa, majivu yakawa tope. Alisimama mbele ya kipimajoto akingoja sindano ishuke. Haikushuka. Saa nzima baada ya moto kufa, chumba kilikuwa na joto lile lile, na nyuma ya trei yule mnywaji akaanza tena.

Ijumaa Violet alilazwa mjini, dada yake Grace akiwa kando ya kitanda. Madaktari walifanya yote yanayowapasa. Walipima damu, walipima sukari, walitundika chupa ya maji, ikaisha, wakatundika nyingine. Midomo yake ilipasuka. Ngozi ya mikono yake ikakunjamana kama ya mwanamke wa miaka tisini. Alitaka kulia kwa ajili ya mtoto aliyepelekwa kwa bibi yake, na macho yakawa makavu, akawa analia kwa mabega tu. Basili akiwa ameushika mkono ule, simu yake ikaita. Alikuwa Valerian, na safari hii hakuwa na utani.

"Kaka, maji yanatoka chini ya mlango wa kikaushio chako. Mbwa wangu ameyaramba, amekimbia anapiga kelele. Nimeyagusa kwa ulimi. Yana chumvi, kaka. Kama machozi."

Basili alitazama chupa iliyotundikwa, inavyoshuka tone kwa tone ndani ya mkono wa mkewe, na kwa mara ya kwanza akajua yanakokwenda.

Jumamosi, saa sita mchana, alimleta Dominika. Mama huyu alikuwa katekista miaka thelathini na miwili, mfupi, mwenye sauti ya kuamuru, aliyewafundisha nusu ya wanaume wa kijiji kile ishara ya msalaba na kuwapiga nusu hiyo hiyo kwa kuikosea. Watu hudhani mashetani hufanya kazi usiku tu. Mwenye zaburi alijua zaidi. Alijua kuna uharibifu unaotembea adhuhuri, wakati mtu mwema anapofikiri kwamba nuru inamtosha.

Dominika alisimama mbele ya mlango, akawasha mshumaa wa Pasaka, akaamuru kwa Jina lile ambalo kwalo kila goti hupigwa. Ndani, mafunda yakakoma. Ukungu ukasogea kama mtu aliyevuta shuka. Akaamuru mara ya pili. Ndipo sauti ikajibu kutoka gizani nyuma ya trei, na Valerian aliyekuwa ameshika ndoo ya maji ya baraka akaiangusha, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya Basili. Ilikuwa na ukwaruzo wake, kikohozi chake kidogo kabla ya kusema, na Basili mwenyewe alikuwa amesimama hapo amefunga mdomo.

"Sitoki," ikasema. "Sikuvunja mlango. Nilikaribishwa."

"Na nani?" akauliza Dominika.

"Muulize mwenye kuni."

Dominika aligeuka polepole. "Basili. Uliwasha nini ndani ya tanuru hii?"

"Kuni, mama. Mkaratusi."

"Nimekufundisha wewe sala ya kutubu ukiwa huna meno ya mbele. Usinidanganye nikiwa nimeshika mshumaa. Ulichoma nini?"

Basili akatazama chini. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu anayelazimishwa kutapika. Wiki tatu zilizopita, akasema, siku ya kuwasha moto wa kwanza wa msimu, Sirili alikuja kutoka Marangu. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, ameshika isale mikononi.

Kila aliyekuwapo alishtuka. Maana isale, jani lile refu linalopandwa mipakani na makaburini, likifungwa fundo na kuletwa na aliyekosa, ndilo neno la mwisho la Mchagga la kuomba msamaha. Aliyeua aliwahi kuja nalo kwa ndugu za marehemu, wakampokea. Hulikatai. Babu zetu walilijua hilo kabla mmisionari wa kwanza hajavua viatu.

"Ukamfanyaje?" Dominika aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Nilimwambia mimi ni Mkristo, majani hayanifungi. Nikamwambia moyoni mwangu hamna nafasi yake. Nikalichukua, nikalitupa kwenye moto mbele ya macho yake."

"Ulimwambia wewe ni Mkristo." Mama yule alirudia maneno hayo taratibu. "Ndugu yako amekuletea Injili kwa mkono wa mila, nawe ukashika Injili kumpigia nayo. Mtu akifika altareni na sadaka, akakumbuka ndugu yake, aliambiwa afanye nini, Basili? Wewe hukuhitaji hata kukumbuka. Alikuwa amesimama mbele yako!"

"Yeye ndiye aliyekosa!" Basili akapaza sauti, na yale yote ya juma zima, moto, masizi, bafu na sabuni, yakamtoka kwa pamoja. "Kaya ishirini na mbili, mama! Walinitazama kama mwizi! Nimeanza upya, nimefanya kazi kama punda, sijaiba, sijazini, nasali kila siku. Kwa nini niadhibiwe mimi? Kwa nini kila mtu aniulize mimi?"

Na ile sauti yake mwenyewe ikamjibu kutoka ndani, kwa upole wa kutisha: "Endelea kusema hivyo. Ulisema nafasi ya ndugu yako haipo. Ilikuwapo. Nimeikalia mimi. Na mama wa mtoto wako ana maji matamu."

Basili alianguka ukutani. Dominika akamshika bega, na sasa mkono wake ulikuwa wa mama. "Mwanangu," akanong'ona, "nguvu za Kristo hazijapungua. Ila mimi namsukuma huyu atoke, na wewe umeushika mlango kwa ndani. Uachie. Nenda."

Basili akakata isale kwenye kaburi la baba yao, akalifunga fundo, akaondoka. Aliposhuka Marangu alasiri, mvua nyembamba ilikuwa ikianguka. Sirili alikuwa ameketi na wapagazi wenzake chini ya paa la bati, akishona kiatu kilichopasuka. Alimwona kaka yake, akasimama haraka.

"Shikamoo, kaka."

Basili alipiga magoti kwenye tope, akanyoosha mikono yote miwili yenye jani lile.

"We Sirili, umeposwa?" mpagazi mmoja akapiga kelele, na wengine wakaangua kicheko. Kisha wakaona ni kitu gani kimeshikwa, na kicheko kikakatika. Mmoja akavua kofia.

"Kaka, inuka, unanitia aibu," Sirili akasema. "Mimi ndiye niliyeunguza maua."

"Uliunguza maua. Mimi nimeunguza isale."

Mvua ilipiga bati. Sirili akalitazama jani, akamtazama mtu, kisha akalipokea, akalishika kifuani kama mtu anayeshika mtoto.

"Umekula?" akauliza.

"Sirili, Violet anakufa."

"Basi twende. Utakula njiani. Ukikasirika huwa huli, nakujua."

Walifika Kibosho jua likikaribia kutua. Dominika alikuwa bado amesimama pale pale, mshumaa umebaki kidole kimoja, na wanawake wenye vikapu walikuwa wamepiga magoti nyuma yake kwenye majani yaliyolowa. Maji ya chumvi yalikuwa yamechimba mfereji kutoka mlangoni.

"Sirili," ile sauti ikaita kabla hawajafika, sauti ya Basili, ya kirafiki kabisa. "Karibu, mdogo wangu. Lakini usimwamini huyo uliyekuja naye. Analia kwa sababu ya mkewe. Mkewe akipona, kesho atayakumbuka maua."

Sirili akasimama. Akamgeukia kaka yake. "Ni kweli?"

Hapo, wapendwa, ndipo mtu angeweza kudanganya, na uongo ungekuwa mtamu. Basili alifumba macho. "Ni kweli," akasema. "Nimekuja kwa sababu ya Violet. Asingeugua, nisingekuja. Sijui kama moyo wangu umekusamehe wote. Ila nimekuja, ndugu yangu. Nisaidie."

Sirili akaligeuza lile isale mkononi mwake. Kisha akacheka kidogo, kicheko chenye machozi. "Hata mimi, kaka, mara ile nilikuja kwa sababu nilikuwa na njaa." Na ni nani asiyemkumbuka yule kijana aliyerudi kwa babaye kutoka zizi la nguruwe? Njaa ndiyo iliyomrudisha. Na baba hakumwuliza.

Wakaushika ule mlango pamoja, mkono juu ya mkono, na isale likiwa katikati ya viganja vyao, wakavuta, na mlango haukuja, wakavuta tena huku Dominika akiita Jina lile kwa sauti iliyopasuka na wanawake wakiitikia nyuma yake, na joto likawapiga usoni kama pumzi ya ng'ombe mgonjwa, lenye harufu ya maziwa yaliyochacha na nywele zilizoungua, na ndani ya giza trei zikaanza kugongana moja baada ya nyingine kutoka nyuma kuja mbele, kama kwamba kitu kirefu kinapita katikati yake kimejikunja kifike mlangoni, na Basili akakiona, au akaona pale ambapo kilikuwa, mtu mwenye kimo chake na mabega yake, amevaa kofia kama yake, uso hauna kitu isipokuwa mdomo uliolowa, nao mdomo ule ukamkaribia sikio ukasema, bila sauti ya mtu yeyote sasa, "Nitapata kwingine," kisha ukampita, na baridi ikarudi ghafla, na sindano ya kipimajoto ikaanguka mpaka chini.

Simu ikaita. Alikuwa Grace, hospitalini, na hakungoja hata salamu. "Shemeji! Violet analia! Analia machozi, shemeji, yameulowesha mto wote! Ameomba aletewe mtoto!"

Sasa sikieni yaliyobaki, maana sikuahidi habari ya kuwabembeleza. Maua ya msimu ule yalizikwa yote shimoni, na ndugu wawili ndio waliolichimba. Violet alipona, lakini maziwa yalirudi ziwa moja tu. Na kila Basili alipomwona akimnyonyesha Primus upande ule mmoja, alikumbuka bei ya neno "hamna nafasi". Sirili alirudi nyumbani, akapewa zamu ya kulinda moto, na Basili alijifunza kulala usingizi huku mdogo wake akiwa tanuruni. Ilimchukua muda. Msamaha ni kazi, kama kazi nyingine.

Na asubuhi ya Jumapili, kesho yake ya tukio lile, watu walipokuwa wakienda misa, waliona ishara. Kutoka mlango wa kikaushio, katikati ya vihamba vya kijani vilivyolowa ukungu, palikuwa na njia iliyonyauka, upana wa mabega ya mtu. Migomba iliyoguswa nayo ilikuwa imekauka kama iliyopitishwa motoni, majani ya kahawa yalisagika yakishikwa, na nyasi zilivunjika chini ya kiatu. Njia ile ilishuka. Ilikatiza mto, ikapita nyuma ya shule, ikafika barabara kuu inayokwenda mjini, na kwenye lami haikuonekana tena.

Haijulikani iliingia kwa nani. Pepo aliyefukuzwa huzunguka mahali pasipo maji akitafuta pumziko, naye hana haja ya kuvunja mlango wa mtu. Hutafuta palipo na kiti cha ndugu kilicho wazi, akaketi.

Basi wewe unayesikia haya, una nani ambaye hulitamki jina lake? Ni salamu ya nani uliyoiacha ikarudi ilikotoka? Usiniambie alikosa, najua alikosa. Usiniambie unasali, Basili alisali kukushinda. Umesema utampigia simu ukimaliza hili na lile. Hutamaliza. Inuka hapo ulipoketi, jua likiwa bado liko juu, uende kwake kwa miguu yako, hata kama moyo wako hauko tayari, umpe mkono. Na kama yeye ndiye aliyesimama mlangoni pako leo, kwa jina la Mungu, mfungulie.